Falaki ya Dada Malathi

Thrissur, nyumbani kwa Mwalimu

Dada Malathi mpenzi,

Mimi sijambo. Mke wa Mwalimu ananilisha dosa, chapati zao za mchele, mpaka nasinzia darasani.

Juzi Mwalimu aliniambia nipige falaki ya mtu ninayemjua. Nikapiga yako. Yule mzee mnajimu aliyedai kwamba sayari ya Mirihi itamuua mume yeyote atakayekuoa aliandika kuwa ulizaliwa alfajiri. Lakini mama husema ulizaliwa jioni, taa za hekaluni zikiwashwa. Nilihesabu kwa kete za kauri mara tatu. Kwa saa ya jioni, Mirihi haimgusi mume wako wa baadaye hata kidogo.

Mwalimu aliirudia hesabu yote, kisha akacheka. "Binti, miaka sita dada yako anaogopa nyota isiyo yake. Mwandikie leo, nami nitatia sahihi."

Hesabu nimeiambatisha, na sahihi yake ipo. Mpelekee mama yake Sreedharan, maana ndiye aliyevunja uchumba wako na mwanawe kwa kuiogopa Mirihi hiyo. Na Sreedharan mwenyewe, aliyekataa kuoa mwingine miaka yote hii, mwambie asipite tena mbele ya nyumba yetu akijifanya anatafuta mbuzi. Abishe hodi.

Mdogo wako, ninayecheka peke yangu tangu asubuhi,
Bhargavi