Afande, Makapteni Bado Nawaita

Afande wangu,

Tangu tukuzike Kisinga, mimi ndiye ninayepuliza filimbi pale ulipokuwa ukipuliza wewe, ingawa mashabiki wanasema sina tumbo la urefa. Nawajibu kwamba lako lilitutosha sisi wawili. Nimekukumbuka, mzee. Nimekukumbuka mno.

Kamati mpya ya marefa imekataza ule mtindo wako wa kuwaita makapteni wakati wa mapumziko. Wanasema refa akiteta na makapteni, watu watadhani mechi imeuzwa. Hofu yao naielewa. Lakini wewe hukuteta na mtu. Uliwaweka katikati ya uwanja, mbele ya macho ya watu wote, na ile sauti yako ya jeshini ilifika mpaka barabarani: "Kapteni zote mbili, kuja hapa! Sema kitu iko inauma." Wakishasema, unawafukuza wakanywe maji. Mimi mshika kibendera wako nilisimama pembeni nikijizuia kucheka.

Basi Jumapili nilichezesha Bwera na Kinyamaseke. Kapteni wa Bwera, kijana anayefanya biashara mpakani, alikuwa akimpigia kelele beki wake: "Kamata mutu yako! Kamata!" Mara beki akagongana na mshambuliaji wa Kinyamaseke, wote chini. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu beki akiamrishwa kumshika mtu, nikatoa kadi ya njano. Bwera wakawaka. Mashabiki wakasogea hadi kwenye mstari, wengine wameshika mawe. Kinyamaseke wakapiga mpira wao wa adhabu, na bahati nzuri muda ukawa umekwisha, nikapuliza mapumziko.

Wanakamati walikuwa wamekaa pale pale wananitazama. Nilijua nikiwaita makapteni naweza kupoteza filimbi. Nikawaita.

"Arbitre," akasema wa Bwera, maana ndivyo huko mpakani wanavyomwita refa, "kamata mutu yako ni kusema umufuate, usimuache. Kwetu ata chai tunakamata."

Wa Kinyamaseke akamtazama. "Huku kwetu mutu anakamatwa na polisi," akasema, na wote wawili wakaangua kicheko, mpaka mashabiki wakanyamaza wapate kusikia kinachochekwa. Niliwaambia wazi kwamba kadi siwezi kuifuta, mchezo ulishaendelea. Wa Bwera alinuna kidogo, akakubali. Kila mmoja akaenda kuwaeleza watu wake, na mawe yakarudi chini. Kinyamaseke walishinda, na sote tukafika nyumbani wazima.

Jana kamati ikaniita. Wakauliza nani aliniruhusu. Nikataja jina lako. Mwenyekiti akasema kwa upole, "Dada, huyo alishakufa."

Afande, nikalia pale pale, mbele ya wanaume wazima na soda zao. Sikuwa nimelia hivyo hata siku ya kukuzika, maana siku ile nilikuwa nagawa chakula. Nilipopata sauti nikawaambia, "Basi andikeni ni mimi."

Uamuzi wao bado. Nakuahidi nitaendelea kuwaita makapteni katikati ya uwanja, hadharani, mpaka waniondoe kabisa. Wakinipokonya filimbi nitalia tena, lakini jina lako sitalitaja. Wewe umeshachezesha mechi zako. Pumzika, mzee wangu. Zilizobaki ni zangu.

Binti yako wa kibendera,
Biira