Mzee Aliyeomba Maji kwa Kikornishi

Kwa mdogo wangu Mwakio,

Nakusalimia wewe na wifi yangu Mwende hapo Voi, na kumuulizia Mama kabla ya yote. Anakula? Mkono wa kushoto umeanza kushika kitu? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii, na ni ujumbe wako wa Jumapili ulionifanya niketi kuandika. Ulisema tangu apate kiharusi Mama amepoteza Kiswahili, na Mwende, ambaye ndiye anayeshinda naye, anaona anapayuka tu. Ukamalizia: "Dada, siku hizi hatumjibu, tunamtuliza." Ngoja nikueleze nililofanya huku.

Nyumba ya wazee ninayofanyia kazi iko Cornwall, ile pembe ya Uingereza iliyochomoza baharini. Mwezi uliopita tuliletewa Mzee Jory, naye amepigwa na kiharusi, Kiingereza kimemtoka. Siku mbili alinishika mkono akirudia neno moja, dowr, dowr, na nyuma yake mengine mawili, mar pleg. Nikimpa chai, anaisukuma. Nikaandika kwenye faili yake: anapayuka, anakataa kunywa. Ni mwandiko wangu, Mwakio, siwezi kumsingizia mtu.

Siku ya tatu midomo ilikuwa imepasuka na macho yameingia ndani. Nia, mama wa Kiwelisi anayepika jikoni kwetu, alileta supu, akamsikia, akasimama na trei mkononi.

"Wakesho, huyu anataka maji."

"Umejuaje?"

"Kwetu Wales maji ni dŵr. Huyu anaongea Kikornishi, lugha ya hapa ya zamani."

Nikamnywesha polepole, glasi nzima, machozi yakimtoka. Daktari akaja kumwekea dripu. Mimi nikaenda kumpigia simu binti yake aliye Australia, nimwombe msamaha. Akaniambia lugha hiyo ilikuwa karibu kupotea kabisa; babake na marehemu mamake walijifunza wakiwa watu wazima, wakaifanya lugha ya nyumbani. Hakuna aliyetuandikia hilo, na mimi sikuuliza.

"Na mar pleg ni nini?" nikamuuliza.

"Ni tafadhali."

Siku mbili nzima mzee wa watu alikuwa akiniambia tafadhali.

Baada ya hapo nilijifunza nilichoweza. Nia alinifunza, maana Kiwelisi na Kikornishi ni kama Kidawida chetu na Kisaghala, lugha ndugu: mkate ni bara kwa wote wawili, kichwa ni penn huku na pen kule. Ng'ambo ya bahari, Ufaransa, wako Wabretoni, nao mkate wao ni bara, hata tafadhali yao ni mar plij. Nesi wetu Muayalandi alijaribu pia, akashindwa. Lugha yake ni ya ukoo huohuo lakini imeenda mbali: tano ni pymp kwa mzee, pump kwa Nia, kwake ni cúig. Nikafikiria Kikamba cha Mwende. Kiko mbali na chetu, lakini sisi tukisema mndu, wao wanasema mundu. Mtu akitega sikio, atashika kitu.

Mzee Jory alinitambua. Nikiingia na kusema dowr, alikuwa akicheka upande mmoja wa mdomo. Alhamisi iliyopita, asubuhi, alinivuta karibu akasema maneno mengi, kwa utaratibu, kama mtu anayetoa maagizo. Nikakimbia kumwita Nia. Alishika mamm, mama, na mor, bahari, na mengine machache. Mzee alitutazama tukitazamana. Akaniachia. Saa saba mchana alikata roho, na alichotuagiza hakuna anayekijua.

Sasa nakuomba. Wewe ulitoka kijijini kwetu Mwanda ukiwa mdogo, Kidawida chako ni cha salamu, sikulaumu. Lakini mimi ninakijua. Mama akianza kuongea, usimtulize. Mrekodi kwa simu, hata kama ni kelele tupu, unitumie siku hiyohiyo. Mwambie Mwende simlaumu. Mwambie tu Mama akisema machi, ni maji. Na muulize shangazi wa Mwanda kama anaweza kushuka akae naye hadi nipate likizo. Nimeshaiomba.

Nisalimie shangazi huyo, na mjomba wa Mahoo, na mchungaji aliyemwombea Mama. Mkumbatie Mama kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako,
Wakesho

Nimesahau jambo. Rekodi ile ya sekunde tisa uliyonitumia Jumapili kunionyesha jinsi anavyopayuka, nimeisikiliza mara nyingi. Sauti inakwama, lakini nimemwelewa. Anauliza kwa nini hakuna anayemjibu.