Halua ya Ndia Kuu

Jumanne, Mfunguo Tatu, baada ya isha

Nimechoka. Tangu asubuhi tulikuwa mahakamani, na hesabu za shule bado sijazigusa.

Kwa sheria ya zamani, Ami Khelefu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuuza halua mtaa huu wa Ndia Kuu. Baba alipofungua duka lake la halua hapa, Ami Khelefu akamshitaki. Mwisho wakasuluhishana: baba ahamie sokoni. Kabla hajahama, serikali ikaifuta sheria ile, na sasa yeyote anaweza kuuza halua popote. Baba alicheka, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu Ramadhani. Alidhani sulhu imekufa pamoja na sheria. Nami nilidhani hivyo. Basi hakuhama, na Ami Khelefu akamrudisha mahakamani.

Leo hakimu alimuuliza baba neno moja tu. "Sheikh Omari, siku ile ya sulhu, uliridhika?"

"Niliridhika, alhamdulillahi."

Kwetu mtu mzima akiulizwa hivyo hujibu hivyo, kama anayeitikia salamu. Hakimu akaandika. Akasema sheria mpya imewafungulia njia watu wote, lakini ahadi aliyoiridhia mtu mwenyewe, serikali haikuifuta.

Tuliporudi mama alisema, "Ungesema hukuridhika, baba Ali."

"Mbele ya watu? Wangenionaje?"

Basi Mombasa nzima inaweza kuuza halua Ndia Kuu, isipokuwa baba.

Baada ya magharibi alikuja kijana mmoja kuuliza tutalihama duka lini. Anataka kupika halua humo. Baba alimpa kahawa, kisha akamweleza ni jiko lipi huunguza sukari.