Muda Wako Umekwisha

1 Januari 2009, 12:17 AM

Kitinda mimba wangu,

Salamu nyingi, na kabla hujauliza: goti limepona, presha iko mahali pake, kuku wanne kati ya watano wapo. Wewe je? Unakula? Kile kikohozi kimekuacha? Usinijibu "niko poa" tu, mimi si rafiki yako wa kijiweni.

Sasa sikia balaa. Baraza la wakunga limetangaza kwamba sisi wakunga wasaidizi tuliofanya kazi miaka ishirini na zaidi tunaruhusiwa kufanya mtihani wa leseni, mara hii tu. Maombi yanapokelewa kwenye tovuti yao mpaka tarehe thelathini Septemba, na fomu yenyewe inakataa simu, inataka kompyuta. Kuanzia Julai mwaka ujao asiye na leseni haingii chumba cha kujifungulia. Nitapewa ufagio, mdogo wangu. Miaka ishirini na miwili napokea watoto, halafu nideki!

Kompyuta ya zahanati iko ofisini kwa mkuu, naye ameniambia mbele ya watu, "Mama, mitihani ni ya vijana." Ufunguo wake siuombi ng'o. Nikaitoa ile uliyoniachia, nikaipangusa vumbi, nikaiwasha. Imewaka vizuri na barua hii naiandika humo humo, tarehe inajiweka yenyewe juu, raha tupu. Lakini nikifungua tovuti ya baraza, kurasa zinakuja uchi! Rangi hakuna, maandishi yamejibanza yote kushoto, picha ni visanduku vitupu, na kitufe cha fomu hakionekani. Tovuti nyingine hazifunguki kabisa, zinaniandikia: "Muunganisho wako si wa faragha." Mimi na faragha ndiyo kazi yangu. Nikainuka, nikavuta pazia, nikafunga na mlango. Kurudi, bado.

Kupigiana simu tumeshindwa: nikipumzika wewe uko kazini, ukipumzika mimi mikono imejaa. Kwa hiyo nitaandika hapa, na mfamasia wetu akipita atapiga picha kioo na kukutumia kwa simu yake. Jibu upesi kwa simu hiyo hiyo.

Dada yako


13 Septemba 2023

Da' Mkubwa,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, nakula, tena mboga za majani, shahidi ni mimi mwenyewe. Pole kwa kuku wa tano.

Huyo mkuu wenu angekuwa karibu ningemwambia neno. Tumwache. Kurasa kuja bila nguo si ugonjwa wa kufa. Kivinjari hutunza masalia ya kurasa za zamani, na yakichacha yanavuruga mpya. Bonyeza vile vidoti vitatu juu kulia, ingia kwenye historia, futa data yote ya kuvinjari pamoja na vidakuzi. Vidakuzi ni vijikaratasi ambavyo tovuti inakuachia ili ikujue ukirudi. Kisha funga dirisha ufungue tena. Ikigoma, zima mashine kabisa uiwashe. Ikigoma tena, sasisha kivinjari.

Na usiniandikie "imegoma" basi. Niandikie ulichokiona kwa kila hatua, kama unavyoandika maendeleo ya mama aliye kwenye uchungu.

Mdogo wako


1 Januari 2009, 12:41 AM

Kitinda mimba,

Marahaba. Mboga za majani nitaziamini nikiziona. Huku afya njema, usingizi ndio mchache.

Maendeleo ya mgonjwa ni haya. Historia nimefuta. Vidakuzi nimefuta. Dirisha nimefunga, la kompyuta, usinicheke. Nimezima, nimewasha, ndiyo kwanza natoka kuiwasha. Kusasisha kumekataa, kivinjari kinadai hakiamini kule kinakokwenda kuchukua. Kurasa ziko uchi kama zilivyozaliwa. Kwa lugha ya kazini kwangu, njia haijafunguka hata sentimita moja.

Leo mkuu amesoma orodha ya walioomba. Msaidizi mwenzangu, yule niliyemfundisha mimi kukata kitovu, yumo. Aliposoma akanitazama juu ya miwani, akasema, "Wengine tunawatakia mapumziko mema." Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikaenda kulia stoo ya mashuka. Nakwambia wewe tu.

Nisaidie, mdogo wangu. Siku zinakwenda.

Dada yako


18 Septemba 2023

Da' Mkubwa,

Shikamoo, na futa machozi kabla hujaendelea kusoma. Mimi huku mzima, ila nimejipiga kofi kwenye paji la uso mpaka wenzangu karakana nzima wamegeuka.

Barua mbili, siku tofauti, tarehe moja! Tazama juu ya barua zako. Wewe unaandika kutoka mwaka 2009! Nilisoma ya kwanza nikaruka tarehe, kama mpumbavu.

Sikiliza sasa. Kila tovuti ikifunguka huonyesha cheti chake: kimeanza lini, kinaisha lini. Kompyuta yako inaishi 2009, ikiletewa cheti cha mwaka huu ni kama wewe kuletewa cheti cha kuzaliwa cha mtoto ambaye mimba yake haijatungwa. Ungekipokea? Nayo inakataa. Kipande cha ukurasa kinachopita kinapita, rangi na vitufe vinabaki nje. Kivinjari hakina kosa lolote.

Ndani kuna betri bapa, duara, ukubwa wa kifungo cha koti. Ndiyo inayotunza saa mashine ikizimwa, na yako imekufa. Chomoa waya wa umeme kwanza! Fungua ubavu, utaiona. Tafuta nyingine kama hiyo, iweke maandishi yakiwa juu. Kisha washa, urekebishe tarehe na saa. Basi.

Mdogo wako


24 Septemba 2023, 8:52 PM

Kitinda mimba,

Marahaba, na hongera kwa kichwa chako. Mimi mzima wa mwili.

Upasuaji umefanikiwa. Betri ya namna ile imo kwenye mzani wa watoto wa zahanati, lakini nani atamwibia mtoto mchanga kilo zake? Nikaenda kwa fundi saa. Akaniuliza, "Saa yenyewe iko wapi, mama?" Nikamwambia, "Saa yenyewe ni kompyuta." Akanitazama kama niliyekunywa kitu. Betri anazo tele.

Leo nikaweka tarehe na saa, nikafungua tovuti ya baraza. Mdogo wangu! Rangi, picha, kila kitu na nguo zake! Kitufe cha fomu hicho, cha kijani. Nikapiga kigelegele peke yangu chumbani.

Furaha ya dakika moja. Naingiza jina langu na neno la siri, fomu inafunguka, naandika herufi mbili tatu, inanitupa nje. "Muda wako umekwisha. Ingia tena." Naingia tena. "Muda wako umekwisha." Mara kumi na nne, nimehesabu. Ya kumi na nne nikaona labda na mashine imekaa kikao na mkuu. Nina miaka hamsini na nne. Nikiambiwa hivyo na binadamu najibu. Hiki kidubwana nitakijibu nini?

Nimechoka. Huenda ni kweli.

Dada yako


26 Septemba 2023

Da' Mkubwa,

Shikamoo. Mimi mzima, lakini barua yako imenikosesha raha.

Si kweli. Nasema tena, si kweli. Mama alipofariki ulikuwa kidato cha pili na mimi nilikuwa sijaota meno. Ulifunga daftari lako ukanibeba mgongoni. Kila kitu ninachokijua kuhusu mashine hizi nilikisoma kwenye kiti ulichokiacha wewe. Hilo sijawahi kukuambia, kila nikianza nageuza mazungumzo. Leo nimeandika, basi. Usinirudishe nyuma kwa kusema umechoka.

Sasa ugonjwa. Ukiingia, tovuti inakupa kidakuzi chenye ruhusa ya nusu saa. Kikiisha, unatolewa. Kwa nini chako kinaisha papo hapo, sijui, na sioni haya kukiri. Labda seva yao imezidiwa, kila mtu anajaza dakika za mwisho. Jaribu asubuhi wakati watu ni wachache. Tena, dada, acha kukaa na kompyuta usiku. Barua yako umeiandika karibu saa tatu usiku, na alfajiri una zamu. Akili iliyochoka haioni kitu kilicho mbele yake. Kalale.

Mdogo wako


27 Septemba 2023, 10:05 AM

Kitinda mimba wangu, roho yangu,

Marahaba! Marahaba mara mia!

Usiku gani? Barua ile niliiandika mchana kweupe, jua linachoma bati, kuku wanahema. Niliposoma "saa tatu usiku" nikataka kukutukana. Nikaenda kutazama juu ya barua yangu mwenyewe: 8:52 PM. Siku ile nilikuwa nimeisikiliza redio, "sasa ni saa nane mchana," nikaweka nane. Pembeni kulikuwa na AM na PM, adhuhuri ilikwishapita, nikachagua PM. Saa nane mchana, nane PM. Ewe Mola wangu!

Miaka ishirini na miwili kwenye daftari la uzazi naandika saa nane mchana kuwa 14:00, sijakosea hata siku moja. Kumbe kazini nina saa yangu na nyumbani nina saa yangu, na hazijawahi kukutana mpaka siku ile.

Nikakumbuka ruhusa yako ya nusu saa. Kompyuta iko mbele saa sita. Ruhusa ikifika, kwa hesabu yake imeoza tangu alasiri! Muda wangu ulikuwepo wote, mdogo wangu. Saa ndiyo ilikuwa inasema uongo, na aliyeifundisha uongo ni mimi.

Nikarekebisha. Nikaingia. Nikajaza kurasa zote sita taratibu, nikaambatisha vyeti, haikunitoa hata mara moja. Nikabonyeza "Wasilisha". Ikaandika: "Ombi lako limepokelewa," na namba chini yake. Nimeinakili kwenye karatasi tatu na kwenye kiganja.

Na hayo uliyoandika kuhusu mama na kiti, nimeyasoma. Siwezi kuyajibu kwa leo. Ila ujue hukuwa mzigo. Ulikuwa mzito, hilo sikatai, ulikuwa unakula sana.

Dada yako


9 Februari 2024, 4:30 PM

Kitinda mimba,

Hujambo? Mimi sijambo, sijambo, sijambo! Na ni saa kumi na nusu jioni, usije ukanilaza tena.

Matokeo ya mtihani yametoka leo. Nilikuwa chumba cha kujifungulia na binti anayejifungua mtoto wa kwanza, analia kwamba hawezi, namwambia anaweza. Akaweza. Mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili, sauti ya kuamsha mtaa. Natoka kunawa mikono, mfamasia huyo anakuja mbio na simu mkononi, kandambili moja imebaki nyuma. "Umefaulu! Na namba ya leseni hii hapa!" Kati ya wote walioomba hapa kwetu, mdogo wangu, alama za juu ni zangu! Wodi nzima ikalipuka vigelegele, mpaka akina mama waliojifungua jana wakapiga kutoka kitandani.

Mkuu akatoka ofisini kuuliza kelele za nini. Nikamwonyesha simu. Akasoma, akavua miwani, akasoma tena. Kisha akasema, "Dada, nilikukosea." Nikamwambia, "Ulikosea, ndiyo." Basi tukaishia hapo, sikutaka makuu.

Halafu nikaketi kuandika daftari. Hujawahi kuliona daftari letu. Kila mtoto ana ukurasa wake, na chini kabisa kuna mstari: "Mkunga aliyehudumia." Watoto wote waliopita mikononi mwangu, mstari ule alisaini mtu mwingine mwenye leseni, hata kama alikuwa anakunywa chai. Mimi nilikuwa nampelekea kalamu.

Leo kalamu ilikuwa kwangu. Nimeandika jina langu, la baba, na la babu, kwa herufi kubwa. Mstari haukutosha, nikaendelea mpaka pembeni.

Dada yako, Mkunga