Mchoro wa Moshi Ulioshushwa Mistari Miwili

Mama Kaluba,

Uji wa mtoto wetu Chola nimeufunika. Dawa yake ya kifua ni saa nne, akishakula. Madirisha ya upande wa mgodi yasifunguliwe, hata wakitangaza kwamba hewa ni safi.

Asubuhi ulinicheka: "Wewe mzee unashuku mpaka chai." Sawa. Lakini ile karatasi nyepesi ya kufungia mikate niliyokuwa naisogezasogeza mezani haikuwa wazimu. Nilinakili juu yake mchoro wa vipimo vya moshi wa mwaka huu, ule ambao watu wa mgodi wameubandika zahanati, nikaulaza juu ya mchoro wa mwaka jana. Nikaupandisha mistari miwili, vilima na mabonde yote yakalingana. Kaluba wetu mwenyewe alinifundisha kwenye daftari lake la hesabu: ukitoa mbili kwenye kila jibu, mchoro unashuka mzima, umbo haliguswi.

Na bonde la Agosti liko palepale. Mwaka jana lilikuwa la mgomo wetu, tanuri likakaa baridi siku tisa. Sijasahau hata moja. Mwaka huu nani kagoma?

Leo mkutanoni wanataka kufunga chumba cha wagonjwa wa kifua, eti moshi umepungua. Nimekwenda na karatasi zote mbili.

~~Msinisubiri kula.~~ Niwekeeni nshima, ugali wangu. Ila wewe njoo mkutanoni saa nane, umbebe Chola. Wakiikataa hesabu yangu, wakae wamsikilize akikohoa.

Baba Kaluba, anayeshuku chai