Nyumba ya Bondeni Imejibu

Dada yangu, Yaya Furaha,

Jambo sana toka Bunia! Mboga ya lengalenga anayopika Mama Kahindo, mwenye nyumba yangu, inakaribia yako kwa utamu. Unajua kazi yangu: ninaandika, ndani ya kiini cha mfumo wa kompyuta, namna ya kuamsha programu zilizolala kitu kikitokea. Kumbe mtaa huu nao unaamshana. Hata sasa kwenye amani, kila nyumba ina sufuria mlangoni. Ukiona hatari unaipiga, na hauachi mpaka jirani ajibu, naye anapitisha mbele.

Jana mchana mvua ya mawe iligonga mabati, mtu akadhani ni sufuria, akajibu. Mtaa mzima ukaamka, kila nyumba ikipiga. Mama Kahindo akapiga kuelekea nyumba ya bondeni, halafu akaacha.

"Imejibu," akasema.

Nami niliisikia sufuria yake ikilia kule chini, pole pole, kama ya mtu asiye na haraka.

Mvua ilipokatika nilishuka kuwaambia kwamba hakuna hatari. Nikakuta kufuli yenye kutu, na majani mpaka dirishani.

"Mule hamuna mutu tangu vita," Mama Kahindo akaniambia niliporudi.

Nikamweleza kwamba kwenye kompyuta, programu iliyokufa tunaitoa kati ya zile za kuamshwa, la sivyo kiini kitaendelea kuiita bure.

Akanitazama. "Na yenye inaendelea kuitika, munaitoaka namna gani?"

Nisalimie watoto sana. Ukinipigia simu, usiache mpaka nijibu. Halafu uniulize kitu chenye mimi na wewe tu tunakijua.

Mdogo wako,
Neema