Kufuli Nililoandika Kabla ya Eda

Jumatatu, 1 Septemba

Siku ya 67 ya eda. Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani. Sina haraka, nahesabu tu.

Saa hizi Halfani angekuwa ameshavaa viatu. Nimeandika sentensi hiyo, nikangoja. Hakuna kilichokuja. Sijalia tangu msiba. Mama mkwe analia kila siku baada ya alasiri, anamaliza, ananawa uso, anabandika sufuria. Namwonea wivu. Mimi ni kama mkono ulioulalia — upo, lakini si wako.

Kazi inaendelea. Bosi wangu, Frida, ameniruhusu kufanyia kazi nyumbani mpaka nitoke eda. Laptop, modemu, meza ya chakula. Maktaba yetu ya programu za lugha ya C, ile inayoendesha visanduku vya pampu za maji vijijini. Sehemu yangu ni kufuli. Leo nimesoma kodi ya programu kwa saa sita. Sikumbuki nilichosoma.

Jumanne, 2 Septemba

Mama mkwe ameuliza hiyo mashine naiambia nini kutwa. Nimemweleza kwa bafu. Nyumba za wapangaji hapa Chang'ombe — bafu moja, hawaingii wawili. Aliyeingia anafunga. Anayefuata anagonga mara mbili tatu, labda mwenzake anamalizia. Akiona kimya, anakaa kwenye kiti cha nje, anasinzia. Anayetoka ndiye wa kumwamsha. Ndani ya programu kuna vijikazi vinavyokwenda kwa pamoja, tunaviita nyuzi, navyo vina bafu lao. Mimi natengeneza kufuli la mlango, kisha nalifanya liwe jepesi.

Akauliza, na anayetoka akisahau kumwamsha mwenzake?

Nikamwambia hapo ndipo watu wanapokosa maji. Hakucheka. Mimi pia sikucheka, ingawa zamani ningecheka.

Alhamisi, 4 Septemba

Pampu imesimama tena. Kijiji kimoja huko Kongwa, mara ya tatu tangu Julai. Tangi tupu siku mbili, akina mama wamerudi kuchimba mchanga korongoni. Kisanduku kinawaka lakini hakifanyi kitu. Wakikizima na kukiwasha kinapona. Ndiyo shida yenyewe — kikizimwa, ushahidi wote unafutika.

Lawama zimemwangukia Lameck. Ndiye aliyeshika kazi zangu wakati wa msiba, jina lake ndilo liko kwenye toleo la mwisho. Ni Mgogo wa hukohuko. Shangazi yake anachota kwenye tangi hilo. Frida ameandika kwenye grupu: chanzo kijulikane ifikapo Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 12, la sivyo Lameck anaondoka. Lameck akajibu, "Sawa dada." Basi.

Jumamosi, 6 Septemba

Upepo. Vumbi mpaka ndani ya kibodi. Nimepitia kodi ya Lameck mstari kwa mstari. Safi. Hana kosa.

Jumapili, 7 Septemba

Nilikuwa natafuta kalamu kwenye mkoba wa ofisini. Sijaufungua tangu Juni. Ndani kuna daftari langu dogo. Ukurasa wa mwisho, Alhamisi 26 Juni, mwandiko wangu: "Kufungua — nimepindua mpangilio. Si salama. Rudisha kesho."

Kesho yake tulimzika Halfani.

Sasa nakumbuka. Asubuhi ile nilibadilisha nafasi za mistari miwili. Zamani kufuli lilikuwa linafunguliwa kwanza, ndipo linatazama kama kuna anayengoja. Mimi nikalifanya litazame kwanza, ndipo lifunguliwe. Nanosekunde 61 zikawa 48! Halfani alikuwa anakunywa chai. Nikamwambia nimeokoa nanosekunde kumi na tatu. Akauliza kama zinatosha kumenya chungwa. Nikamwambia hazitoshi hata kulitazama. Alicheka mpaka akamwaga chai. Saa nane mchana, niko ofisini, nikaliona kosa, nikaliandika. Saa tisa nikapigiwa simu kwamba ameanguka kazini.

Mistari ikabaki vilevile, ikaingia kwenye toleo la Lameck. Kosa ni hili. Anayetoka anachungulia kitini — hakuna mtu. Kabla hajafungua mlango, mwingine anafika, anakuta pamefungwa, anakaa, analala. Mlango unafunguliwa, wa kwanza anakwenda zake. Tena anakwenda kumsubiri huyohuyo aliyelala amletee jibu. Wote wawili wamelala. Pampu imesimama.

Nimelitazama daftari muda mrefu. Nilipaswa kuona aibu. Najua aibu inakaa wapi, nimekwenda kuitafuta, sijaikuta.

Jumatatu, 8 Septemba

Sijamwambia mtu. Nani atamuuliza mjane aliye kwenye eda? Naweza kuirudisha ile mistari kimyakimya, nikaandika "marekebisho madogo". Kijiji kitapata maji na Lameck ataondoka. Nimeiandika yote ili niione. Haikunitisha, na hilo tu ndilo lililonitisha kidogo.

Halafu siwezi hata kuapa kuwa ndilo. Hapa mezani nimeiendesha mizunguko milioni kumi, haijalala. Inabidi nikione kisanduku chenyewe kikiwa kimelala bado. Nimemwandikia Lameck: kikisimama tena msikizime. Kilete hivyohivyo.

Ameuliza kama nimeona kitu. Nimejibu sijui. Uongo wa herufi tano.

Jumatano, 10 Septemba

Kimesimama leo alfajiri. Lameck anakileta kesho, amekiunganisha na betri ya pikipiki kisije kikazimika njiani.

Ikabidi nimwambie mama. Akasema mwanamume asiye maharimu wako, na wewe uko kwenye eda? Nikamwambia ni kibarua cha mtu, mama, kinaisha keshokutwa. Akaendelea kuchambua mchele. Sahani nzima. Kisha akatoa hukumu: Lameck atakaa ukumbini, mimi chumbani, pazia katikati, yeye mlangoni. Tutaongea kupitia kwake.

"Mama, hii C huijui."

"Nimesuluhisha wake wenza Kondoa miaka thelathini. Hiyo C ina nini?"

Alhamisi, 11 Septemba

Naandika hapahapa, wao wako upande wa pili.

Lameck amefika saa nne. Betri ndani ya kikapu cha sokoni, kisanduku amekikumbatia. Shikamoo mama. Marahaba baba, karibu, pole na safari. Akanipa pole ya msiba kupitia kwa mama, mara ya tatu sasa tangu Juni. Mama akavipitisha vyote chini ya pazia, kwa mikono miwili. Pazia lenyewe kitenge tu, kila neno linapita. Lakini Lameck ana adabu zake. Nikisema, anakaa kimya kama hajasikia mpaka mama arudie.

"Mama, muulize kimelala tangu saa ngapi."

"Anauliza kimelala tangu saa ngapi."

"Jana saa kumi na mbili na robo asubuhi, mama."

"Anasema jana, kumi na mbili na robo."

Nimechomeka waya. Nimesoma. Kufuli liko wazi, hakuna aliyelishika. Anayengoja: mmoja. Uzi wa pili umelala palepale mlangoni, na wa kwanza umelala ukiusubiri. Hakuna cha kubahatisha. Ni ile mistari yangu miwili.

Lameck akaanza kuongea. Kwamba amerudia kodi yake mara nne, hajaona alipokosea. Kama mimi nimeona, nimwambie tu, hatachukia. Kesho anataka akiri mwenyewe kwa Frida kabla hajaulizwa. Shangazi yake amemwambia ni afadhali hivyo.

Mama akaniletea yote, neno kwa neno. Pale pa kukiri sauti yake ikashuka. Nadhani amempenda.

Nikasema, "Mwambie hana cha kukiri. Kosa ni langu. Ile mistari niliipindua mimi. Alhamisi, tarehe ishirini na sita Juni, asubuhi."

Naziona ndala zake chini ya pazia, hazisogei. Sikuwa nimefikiria kwamba tarehe hiyo itabidi ipite mdomoni mwake. Kweli sikufikiria. Nilifikiria kufuli tu.

Halafu nikamsikia anamwambia Lameck, "Anasema bado anatafuta."

Lameck amesikia. Yuko hatua tatu kutoka hapa, lazima amesikia. Nikachukua daftari hili, sijui kwa nini, labda mikono ipate kazi. Kuna mahali panauma chini ya mbavu, upande wa kushoto. Kidogo. Panauma kweli.

Nimesema tena, polepole, "Mama, mwambie kama nilivyosema. Na tarehe."

Anavuta pumzi. Naona upindo wa khanga yake ukiinuka, anajifuta. Anaanza, "Anasema, tarehe ishirini na..." Anaishia hapo. Anaanza tena. Anaishia palepale.

"Taratibu mama," anasema Lameck. "Mimi nasubiri."